Mamba Si Nyoka

Ruta niliyoiua ilikuwa na jina, na jina lenyewe nilikuwa nimelisoma vizuri. Uchungu wangu unaanzia hapo.

Ilikuwa Kahawa West, ploti ya vyumba vinane, ruta moja kwa wote, imening'inizwa kwa msumari juu ya mlango wa Mama Shiro kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anakusanya pesa za intaneti kila mwisho wa mwezi. Kifaa kilikuwa kizee. Ikifika saa mbili usiku, watu wakisharudi kazini, kinaganda. Mimi na ujuaji wangu nikasema ntakiwekea OpenWrt, ule mfumo huria wa ruta uliojengwa juu ya keneli ya Linux, na kitapata maisha mapya. Nikapindua kisanduku, nikasoma jina la modeli kwenye stika, nikatafuta faili lenye jina hilo, nikalipata, nikalipakia. Taa zikawaka zote kwa pamoja, zikazima zote kwa pamoja, ikabaki moja tu inapepesa.

"Wewe kijana wa kompyuta," Mama Shiro akaniita, "hii kitu inarudi saa ngapi? Shiro ako na kazi ya chuo ya kutuma kabla ya saa sita."

"Inarudi, mama. Dakika mbili tu."

Haikurudi. Shiro alituma kazi yake kwa bando za simu yangu, na mimi kesho yake nikashuka Luthuli Avenue na maiti yangu kwenye karatasi ya nailoni. Fundi aliipindua, akasugua stika kwa kidole gumba, akaniuliza swali moja: "Boss, ulicheki hii ni v ngapi?"

Sikuwa nimecheki. Kwenye kona ya stika, chini ya ile mistari ya kuskani, kulikuwa na herufi tatu na namba moja nilizozipita kama vile mtu hupita masharti ya bima. Toleo. Jina lilikuwa sawa, toleo halikuwa, na ndani ya sanduku lenye jina lilelile kulikuwa na chipu nyingine kabisa. Kampuni siitaji, mkono uliobonyeza ulikuwa wangu. Lakini tangu siku ile siwezi kuona jina la ruta bila kulisoma mara mbili, na nimejikuta nikifuatilia jinsi waandishi wa keneli wanavyovipa majina hivi vifaa vya sebuleni. Nimeamua kuyahakiki majina hayo kama ningehakiki kitabu.

Najua mwingine atasema, bana, hilo si fasihi. Sawa. Lakini angalia: ni maandishi, yana waandishi, yana wahariri wakali wanaorudisha kazi mbovu, yana kanuni za mtindo, na yana wasomaji ambao wakielewa vibaya wanaharibikiwa. Vitabu vingi vya mashairi havina hata nusu ya hayo.

Tuanze na sanduku. Jina la sandukuni huandikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya rafu na pesa mfukoni, ndiyo maana limejaa namba. Linksys WRT54G, iliyotoka mwishoni mwa 2002, ilibeba 54 kwa sababu waifai ya kizazi chake ilikuwa na kasi ya juu ya megabiti 54 kwa sekunde. Kwenye karatasi, nasisitiza. Mwaka 2014 ikaja WRT1900AC, na hiyo 1900 ilipatikana kwa kujumlisha bendi mbili, 600 ya moja na 1300 ya nyingine, ingawa simu ya wakati huo ilishika bendi moja tu kwa wakati mmoja. Ni kama konda akwambie matatu yake inakimbia kilomita 160 kwa saa, kwa sababu inaenda mjini kwa 80 na kurudi kwa 80.

Hayo ni makeke ya biashara, tunayazoea. Kinachonikera zaidi ni kitu kingine, na WRT54G ndiyo kisa chake bora. Mwaka 2003, mwaka huohuo Cisco walipoinunua Linksys, watu waligundua kwamba ndani ya kile kisanduku cha bluu na cheusi kulikuwa na Linux. Leseni ya Linux inadai ukisambaza programu utoe na msimbo wake. Baada ya mabishano msimbo ukatolewa, na Januari 2004 mradi wa OpenWrt ukazaliwa kutokana nao. Tazama jina: Open, halafu Wrt. Mradi ulijiita kwa jina la mashine ya mtu mwingine, kama mtoto aliyepewa jina la mgeni aliyelala nyumbani usiku ule aliozaliwa.

Halafu mwishoni mwa 2005 kampuni ikatoa WRT54G toleo la 5. Umbo lilelile, jina lilelile. Ndani, flashi ilishuka kutoka megabaiti 4 hadi 2, kumbukumbu ikashuka kutoka 16 hadi 8, na Linux ikatolewa, ikawekwa VxWorks, mfumo mwingine usio huria. Aliyetaka mashine ya zamani aliuziwa WRT54GL, hiyo L ikiwa ni ya Linux. Yaani mwaka mmoja kampuni moja ilifanya mambo mawili kinyume: iliipa mashine mpya jina la zamani, na mashine ya zamani ikaipa jina jipya. Mwandishi wa riwaya akifanya hivyo na wahusika wake tutamwambia amelewa. Dukani inaitwa kusimamia bidhaa.

Kumbe keneli nayo inaishi vipi katika dunia hii ya majina ya uongo? Haiuzi kitu. Inataka kujua jambo moja tu, kwamba imeamkia mwilini mwa nani. Kompyuta ya kawaida ina njia ya kuuliza vipande vyake vingi, wewe nani, wewe nani, na vipande vikajibu. Ruta haina adabu hiyo. Taa imeunganishwa na mguu fulani wa chipu, kitufe na mguu mwingine, na mguu hausemi. Lazima mtu akae aandike: taa ya umeme iko hapa, kitufe cha kurudisha mwanzo kiko pale, flashi imegawanywa hivi. Maandishi hayo huitwa mti wa vifaa, na kila ruta inayotambuliwa hivyo ina faili lake.

Haikuwa hivi tangu zamani. Katika dunia ya chipu za ARM, kila bodi ilikuwa na msimbo wake wa pekee na namba yake ya usajili, bodi namba fulani, kama mahabusu. Fujo ikajaa hadi mwaka 2011 Linus Torvalds mwenyewe akalalamika hadharani, na kazi ya kuhamia kwenye mti wa vifaa ikashika kasi. Wazo lenyewe halikuwa jipya. Lilitoka kwenye kiwango cha Open Firmware cha mwaka 1994. Ila mimi huona hapo ndipo majina yalipoanza kuwa na maana. Namba ya mahabusu ikageuka kuwa jina lenye ukoo.

Hebu soma hili, ni la ile WRT1900AC ya kwanza, jinsi lilivyo ndani ya keneli:

"linksys,mamba", "marvell,armadaxp-mv78230", "marvell,armadaxp", "marvell,armada-370-xp"

Mimi nimekulia Kisauni, Mombasa, na nilipoona mstari huu mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu. Hii ni nasaba! Ali bin Juma bin Hamisi wa mlango fulani. Unaanza na mtu mwenyewe, unapanda kwa baba, kwa babu, mpaka ukoo. Na kazi yake ni ileile ya nasaba: keneli ikiwa haimjui Mamba kwa sura, inauliza babake ni nani. Inamjua Armada XP? Basi karibu, ingia, mambo mengine yatajulikana ndani. Kanuni inasema orodha ianze na jina mahususi kabisa na kuishia na la jumla. Wazee wa Pwani hawakuhitaji waraka kuambiwa hivyo.

Kila jina lina sehemu mbili na koma katikati: mtengenezaji, kisha kitu. Na huwezi kujitungia jina la mtengenezaji ukiwa kitandani. Lina daftari lake ndani ya keneli, limepangwa kialfabeti, na ukitaka kuleta ukoo mpya unatuma ombi la kuuandikisha. Daftari hili ndilo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu limejaa makaburi. Zamani ilishauriwa jina la kampuni lifupishwe kwa herufi zake za soko la hisa, kwa hivyo Broadcom ni "brcm" na Qualcomm ni "qcom". Broadcom ilinunuliwa na Avago mwaka 2016, na kampuni mpya ikachukua jina la Broadcom lakini ikabaki na herufi za Avago sokoni. BRCM haiko tena popote kwenye soko la hisa. Iko kwenye keneli. Freescale, ambao ni "fsl", walimezwa na NXP mwaka 2015, na chipu ambazo NXP walikuja kuzitoa miaka mingi baadaye bado zinaandikwa "fsl" mbele. Mtoto amezaliwa baada ya ukoo kufutwa, na bado anaitwa kwa ukoo huo.

Sababu yake si uvivu. Jina likishaingia keneli na mashine zikaanza kulitumia, halibadilishwi kiholela. Mti wa vifaa unaweza kuwa umechomwa ndani ya ruta iliyoko juu ya mlango wa mtu, na keneli ya miaka kumi ijayo lazima iitambue. Wahariri wa sehemu hii wanalichukulia jina kama ahadi. Ndiyo maana wako wakali hivyo mlangoni. Moja ya kanuni zao ni kwamba usitumie herufi ya kubahatisha, ile "x" inayomaanisha "namba yoyote hapa". Kwenye vipeperushi familia ya chipu inaweza kuitwa 38x. Kwenye jina la keneli unaambiwa taja chipu yenyewe, na zile zitakazofuata zitaitaja kama mzazi wao. Kwa sababu huijui kesho: kampuni inaweza kutoa 389 ambayo haifanani na nduguze hata kidogo. Nimesoma waandishi wengi wa Kiswahili, mimi nikiwemo, ambao wangenufaika na mhariri wa namna hiyo. Sisi tunaandika "vijana wa siku hizi" halafu tunaendelea na safari.

Sasa turudi kwa Mamba mwenyewe, maana hapa nina ugomvi.

Mamba ni jina la siri. Linksys waliipa WRT1900AC ya kwanza lakabu ya ndani, na familia nzima ikafuata: toleo la pili ni Cobra, WRT1200AC ni Caiman, WRT1900ACS ni Shelby, WRT3200ACM ni Rango, WRT32X ni Venom. Wazo la mwanzo ni kama lilikuwa wanyama wenye sumu na meno. Halafu mtu akakumbuka kuna gari linaitwa Shelby Cobra na njia ikapinda, halafu Rango, ambaye kwa wanaokumbuka filamu ya 2011 ni kinyonga wa katuni mwenye kofia ya kauboi. Huwezi kusema hakuna mtu aliyefurahia kazi hii. Majina haya ndiyo yaliyoingia keneli. Ukifungua mafaili yake utakutana na armada-385-linksys-caiman, armada-385-linksys-rango, na kadhalika.

Mswahili akisoma orodha hiyo anaona kitu ambacho aliyeitunga hakukiona. Kwa Kiingereza mamba ni nyoka, neno walilolichukua kutoka Kizulu, imamba. Kwetu mamba ni yule wa mtoni mwenye mkia. Nyali kuna Mamba Village, na mtu akilipa kiingilio pale akaonyeshwa nyoka ataomba pesa zake. Nyoka yule sisi tunamwita koboko. Na kwa Wakenya wengi Black Mamba si nyoka wala si wa mtoni, ni ile baiskeli nyeusi nzito ya kubeba magunia. Kwa hivyo nikisoma kwa lugha yangu, Mamba na Caiman ni ndugu wa damu, wote wa majini, wote wa magamba. Cobra ndiye wa kando. Ukienda kwenye chipu, mambo ni kinyume: Caiman na Cobra wote ni Armada 385, na Mamba ndiye mwenye nasaba tofauti, Armada XP. Jina linakuelekeza kwa ndugu asiye ndugu.

Utasema huo ni mzaha wa lugha tu, mhandisi wa California hakuwa na wajibu wa kujua Kiswahili. Kweli. Lakini mzaha huo umenionyesha kasoro yenyewe. Lakabu ni tamu kwa walio ndani. Waliokuwa kwenye chumba cha mikutano wanajua Mamba ni nani. Aliyenunua ruta, akaipindua juu ya meza ya jikoni, haoni neno Mamba kwenye stika. Anaona WRT1900AC. Na kama ana bahati na macho mazuri anaona v1 au v2, ambayo ndiyo tofauti kati ya Mamba na Cobra, kati ya nasaba moja na nyingine. Keneli imehifadhi jina sahihi, lisilobadilika, lenye ukoo, ambalo mwenye kifaa hana njia ya kulifikia akiwa na kifaa chake mkononi.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia watu wa OpenWrt. Wao wako karibu zaidi na mtu wa jikoni, wanapokea lawama zake. Kwa hivyo faili unalopakua kwao kwa mashine hii linaitwa linksys_wrt1900ac-v1, na la Cobra ni linksys_wrt1900ac-v2. Mtengenezaji, modeli, toleo. Wameweka mstari wa chini mahali pa koma kwa sababu koma inasumbua kwenye majina ya mafaili. Halina ladha hata kidogo. Huwezi kulitungia wimbo. Ila kila kipande chake kimeandikwa kwenye stika, na kipande cha mwisho, kile kidogo cha v, ndicho kingeniokoa mimi Kahawa West kama ningekisoma.

Angalia walivyoishughulikia TL-WR841N ya TP-Link, mojawapo ya ruta zilizoenea sana duniani. Jina moja, matoleo yanayofika 14. Toleo la 9 lina chipu ya Qualcomm Atheros. Toleo la 13 lina chipu ya MediaTek, flashi ya megabaiti 8 na kumbukumbu ya 64. Toleo la 14 lina MediaTek vilevile, lakini limerudi nyuma hadi flashi 4 na kumbukumbu 32. Umeona? Namba imepanda, mashine imeshuka. Anayedhani kubwa ni bora anaingia mkenge. Kwenye orodha ya OpenWrt hizo ni mashine tatu, zenye majina matatu na mafaili matatu, na chipu ya kila moja imetajwa kwenye jina la faili la mti wake. Sandukuni ni moja. Mimi sioni uhakiki wa kampuni ulio mkali kuliko huo, na haukutumia hata neno moja la matusi.

Lakini nisiwape sifa zote. Kuna mahali wao na keneli walichelewa, nako ni kwenye taa. Kila taa ya ruta ina jina ndani ya Linux, na kwa miaka mingi mtindo ulikuwa kifaa, rangi, kazi: caiman:white:power. Jina la ruta likarudiwa kwenye kila taa, kana kwamba taa inaweza kusahau iko nyumba gani. Ilibidi ifike 2019 ndipo keneli ikaweka utaratibu mpya, rangi na kazi tu, na OpenWrt wakafuata 2020. Siku hizi ni white:power, green:wlan. Nyeupe, umeme. Kijani, waifai. Ni kitu kidogo, najua, na ukweli ni kwamba yote yalifanya kazi kabla. Ila mtu aliyeandika programu fupi ya kuwasha taa ilibidi aiandike upya kwa kila ruta, kwa sababu tu jina lilikuwa na kiherehere.

Ndizi nitapita haraka: bodi za Banana Pi, ambazo watu hugeuza ruta, zimeandikishwa keneli chini ya koo tatu kadiri miaka ilivyopita, lemaker, sinovoip, na sasa bananapi. Mtu mwenye wake watatu huulizwa maswali machache kuliko hiyo ndizi.

Kuna jina moja lililobadilishwa ambalo siwezi kulipita haraka. Ndani ya ruta nyingi kuna swichi, chipu yenye milango ya nyaya, imeunganishwa na ubongo wa ruta kwa njia moja. Keneli ina mfumo wake wa kuendesha swichi hizi, uitwao DSA, na kwa miaka mingi upande wa ubongo uliitwa kwa neno la Kiingereza la bwana mwenye watumwa, na milango ya nyaya ikaitwa watumwa. Nilipokuwa mdogo nilishukia matatu Kengeleni, pale penye kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa karne ya 19 kwa watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Ndiyo jina la stendi yetu. Kwa hivyo neno hilo likitokea katikati ya maelezo ya nyaya, mimi siliruki.

Mwaka 2020 mwongozo wa mtindo wa keneli uliongezwa pendekezo la kuepuka maneno hayo kwenye msimbo mpya. Mwaka 2023 DSA ikabadilishwa: bwana akawa mfereji, mtumwa akawa mtumiaji. Wapo waliosema hizo ni siasa, na wapo waliopongeza kwa sababu hizohizo. Mimi nataka kulihakiki neno kama neno. Yule "bwana" hakuwa anaamuru chochote. Kazi yake ilikuwa kubeba data za milango yote na kuipeleka kwa ubongo, ni bomba. Neno la zamani liliumiza, na juu ya hapo lilikuwa sitiari mbovu, lilimfundisha mwanafunzi picha isiyo sahihi ya jinsi mashine inavyofanya kazi. Mfereji ni neno zuri kweli, linaonyesha maji yanakopita. Mtumiaji, kwa upande wake, nalikubali shingo upande. Katika programu kila mtu ni mtumiaji, na sasa hata tundu la waya nalo ni mtumiaji. Na kwa kuwa majina yaliyofika mikononi mwa programu za nje ni ahadi, jina la zamani bado limeachwa pale kama mlango wa nyuma, ili programu za jana zisivunjike. Keneli haikufuta historia yake. Iliweka jina jipya mbele na la zamani nyuma.

Mwishoni mwa 2024, miaka 20 baada ya kuzaliwa, OpenWrt walitoa ruta yao wenyewe, kwa ushirikiano na watu wa Banana Pi na shirika la Software Freedom Conservancy. Mradi uliojiita kwa mashine ya mtu mwingine sasa umeandikishwa kwenye daftari la koo. Mtengenezaji: openwrt. Kifaa: one. Jina zima ni "openwrt,one".

Nakiri nilitarajia kitu chenye chumvi kidogo. Baada ya miaka 20 ya kusoma stika za wengine, Moja? Halafu nikakumbuka toleo la 13 na la 14, nikanyamaza. Jina fupi, hakuna namba ya kasi, hakuna mnyama. Ina flashi mbili tofauti na swichi ndogo mwilini, ili ukipakia faili baya, upindue swichi uamkie upande wa pili. Walioiunda wanajua kuna watu kama mimi.

Mama Shiro hajanunua hiyo. Tulinunua ya kawaida Luthuli, mimi nikalipa nusu, na kabla ya kutoa pesa niliipindua mara tatu nikasoma stika hadi fundi akaanza kucheka. Toleo nimeliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye gundi ya karatasi, nikaibandika juu. Jina la waifai yenyewe, lile ambalo wapangaji wote wanaliona kwenye simu zao, alilichagua Mama Shiro mwenyewe siku ileile, akiniangalia machoni. Inaitwa USIGUSE.